Kadi ya Watu Watatu

Fundi makochi alifika chumba namba kumi na nne ugomvi wake ameshaupanga njiani, neno baada ya neno, kama apangavyo misumari mdomoni kabla ya kuanza kugonga. Mkononi alishika kadi ya kliniki ya binti yake. Kadi ilikuwa na kosa, na kwake yeye kosa la kadi halikuwa jambo la kuchekea.

Miaka miwili nyuma, karatasi ya vipimo vya mkewe ilitiwa kwenye faili la mtu mwingine. Siku mbili nzima ilitafutwa. Siku mbili nzima mama wa watu, na sukari yake imepanda, alilala wodini hajulikani apewe nini, na ndugu wamezuiwa getini kwa sababu saa ya kuona wagonjwa ilikuwa bado. Saa ilipofika, hakukuwa tena na wa kuonwa. Hakuna mkubwa aliyeulizwa. Mmoja alitoka ofisini kwake, akasema pole, akaangalia saa ya mkononi. Tangu siku ile fundi, ambaye shule yake iliishia darasa la nne, alisoma kila karatasi yenye mhuri mara tatu, kidole kikifuata herufi moja moja.

Na hii ameisoma mara tatu. Palipoandikwa jina la mgonjwa, pamejazwa: Nyumba ya fundi makochi. Baba, bibi, binti.

"Sista," alisema kabla hajakaa, "hapa mmekosea. Mgonjwa ni mtoto. Mimi siumwi."

Nesi wa chumba kile alikuwa mwanamke mfupi, sauti yake ya chini. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Viwili bado vilikuwa pembeni, vimefunikwa shuka kama maiti wasio na ndugu. Wakati fundi anaingia, nesi alikuwa ameweka dumu la maji la lita tano juu ya mizani, ameinama anasoma namba. Kila kliniki alianza hivyo, kuhakikisha mizani haijadanganya. Fundi aliliona hilo, likampunguza kasi kidogo. Yeye pia hukagua futi yake kabla ya kukata kitambaa cha mtu.

"Umesoma vizuri, baba," nesi alisema. "Na mimi nimeandika vizuri. Kaa."

"Sikai mpaka mfute."

"Basi jibu umesimama. Mtoto ana miaka tisa. Sufuria anashika yeye?"

"Hapana."

"Sokoni anakwenda yeye?"

"Ataendaje?"

"Soda ya jioni analeta nani?"

Fundi alikohoa. "Mimi."

"Na rimoti ya televisheni inalala mkononi mwa nani?"

Hapo fundi akakaa.

"Sasa nikimwandika yeye peke yake," nesi aliendelea, "si nitakuwa nimemwonea? Nitamtibu mtoto Alhamisi, halafu namrudisha kulekule Ijumaa."

"Kwa hiyo lawama ni yangu." Ule ugomvi wa njiani ukapata mlango. "Uwanja wa shule wamegeuza maegesho ya magari ya wakubwa, watoto wacheze wapi, juu ya paa? Mlangoni kwa shule wameruhusu kibanda cha pipi na soda, mtoto anapita hapo mara mbili kwa siku. Halafu mwalimu mkuu ananiandikia barua, binti yako apelekwe kliniki. Wao wanene wa ofisini nani anawaandikia barua?"

Nesi hakupandisha sauti. "Ya uwanja ni kweli. Nimewaandikia barua nne. Ya kibanda ni kweli pia. Lakini nikingoja wanijibu, binti yako atakuwa ameshaolewa. Nimetafuta mlango ambao hauna mkubwa, baba, nikaona ni wa nyumbani kwako. Sikukuita kwa lawama. Nimekuita kazini."

Fundi alizoea kujibizana na watu wa ofisi, lakini huyu alikuwa amemkubalia kila kitu, na mtu anayekubali hana pa kushikwa.

Kazi yenyewe nesi aliieleza polepole. Damu ya mtoto inaonyesha sukari inaukaribia mpaka, haijauvuka. Magoti yanalalamika. Hapewi dawa wala hanyimwi chakula. Nyumba nzima inabadilika pamoja naye. Alimtolea kadi za rangi tatu: vyakula vya kijani ni vya kula sana, vya njano ni vya kupimia, vyekundu ni vya mara chache, na rangi hizo ni za kila mtu mezani, mkubwa kwa mdogo. Televisheni ina saa yake. Jioni wote watembee. Neno bonge, hata kwa utani, libaki nje ya kizingiti. Na kila siku kila mmoja amwambie mtoto jambo moja alilolifanya vizuri.

"Liwe la kweli," nesi alisema. "Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Watoto wanajua."

"Na jikoni ni nani?" nesi aliuliza tena.

"Mama mkwe wangu."

"Aje."

Fundi alijikuna kisogo. "Sista, yule ni mkwe."

"Ndiyo maana nimemwandika wa pili." Kisha akasema jambo ambalo lilionekana kumchukiza yeye mwenyewe. Wakubwa walikuwa wamemwazima kile chumba siku ya Alhamisi tu, na amri yao ni kwamba nyumba isiyotimia ifikapo Alhamisi ya tatu inatoka, nafasi inapewa nyingine. Nyumba arobaini zilikuwa zinangoja. "Amri si yangu."

"Najua," fundi alisema. "Amri mbaya huwa hazina mwenyewe."

Mama mkwe alikuja msibani na begi moja, akabaki. Hakuna aliyemwomba abaki, hakuna aliyethubutu kumuuliza ataondoka lini, na kusema kweli bila yeye nyumba ingekuwa banda la mbao na sponji. Mjukuu alimwita mke mwenzangu, akimtania kwamba wamegawana mume, marehemu babu, na yeye mdogo ndiye aliyependwa zaidi. Alipika vizuri na alipakua vizuri zaidi. Sahani ya mtoto ikianza kuonyesha rangi ya chini, upawa ulikuwa umeshafika. "Kula, mke mwenzangu. Huko ulikotoka hukuletewa ukonde." Akimlisha mjukuu, ungedhani kuna mtu wa pili anayemlisha papo hapo, yule binti yake aliyelala ndani ya geti la hospitali.

Mkwe haambiwi, mkwe huombwa, na hata kuombwa kuna siku zake. Fundi alizunguka siku mbili akitafuta pa kuanzia. Mwishowe alitoa neno baya kuliko yote.

"Mama, hospitali wanamtaka mpishi."

"Wameishiwa?"

"Hapana, mama. Wanamtaka mpishi wa hapa. Kwa ajili ya mtoto."

Bibi aliweka chini kisu. "Nimemlisha nani sumu?"

"Hakuna aliyesema sumu, mama."

"Hawajasema kwa sababu sijafika. Nikifika watasema. Nimelea saba kwa mkono huu, baba, na mmoja wao ndiye niliyekuoza wewe. Ulimkuta ana kasoro?"

Fundi akarudi kwenye makochi yake. Asubuhi iliyofuata bibi alikaa kizingitini, mikono mapajani, mtandio umefungwa kiunoni kama mtu anayesubiri gari. "Mimi nimestaafishwa," aliwaambia majirani waliopita. Siku tatu fundi alipika mwenyewe. Wali wake ungeweza kugundishia vitambaa. Siku ya nne alikwenda kizingitini, akachuchumaa, akaomba radhi, na bibi akarudi jikoni na upawa wake na mkono wake uleule.

Hapo ndipo fundi alipokata kona. Kwa kuwa mkwe haguswi, na yeye mwenyewe baada ya kutwa ya kugonga aliona haki yake kupumzika na soda, kazi yote akambebesha mtoto. Sahani ya mtoto ikapunguzwa nusu, za wakubwa zikabaki. Mtoto akanywa maji, baba akamimina soda kwenye kikombe cha chai ili isionekane rangi. "Wewe ndiye unayetibiwa, mama," alimwambia binti yake kwa upole, na upole wake huo ukamridhisha kwamba anafanya vizuri. Alhamisi ya kwanza walikwenda wawili. Alhamisi ya pili wawili. Nesi aliandika kwenye kadi: wawili kati ya watatu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Nyumbani mnakula wote kimoja?" na fundi, mtu asiyependa uongo wa maofisini, akadanganya ofisini.

Jumatatu ya wiki ya tatu aliletewa kochi la watu watatu, la mteja wa muda mrefu, libadilishwe kitambaa. Lingine la mteja huyohuyo lilikuwa limekaa sebuleni wiki mbili, na binti alilizoea. Alilikalia akifanya kazi zake za shule. Fundi alianza na hilo la zamani. Alifumua mshono wa nyuma, akaingiza mkono kati ya springi na sponji kutafuta mbao iliyolegea, akagusa kitu laini. Akatoa ganda la mkate. Akatoa karatasi za biskuti, nne, tano. Akatoa kiazi cha kukaanga kilichopoa, kimefungwa kwenye ukurasa wa daftari, na siafu wameshapata habari.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yake. "Panya?"

"Panya hafungi kwa karatasi ya hesabu, mama."

Ukurasa ulikuwa na kugawanya kwa tarakimu mbili, zote sahihi, na alama nyekundu ya mwalimu.

Binti alitoka shule wakati huohuo, akawakuta wamesimama na kochi limepasuliwa tumbo. Alikuwa mtoto wa maneno machache, mrefu kidogo kwa umri wake, sare imetolewa upindo mara mbili na baba yake kwa mashine ileile ya makochi, kimya kimya, bila mtu kumuuliza. Alitazama kiazi. Hakulia.

"Nilikula upesi upesi," alisema. "Kwa hiyo roho haikuniuma sana."

"Kwa nini humo, mama?" fundi alimuuliza binti yake. "Chakula kipo mezani."

"Mezani nyie mnakula." Alivuta kamba ya begi. "Mimi nikila, mnaniangalia."

Fundi alitafuta kitu cha kushika, akashika nyundo, akaiweka. Maisha yake yote mapya, tangu msiba, alikuwa amewanyooshea kidole waliomwacha mkewe peke yake ndani ya jengo lililojaa watu. Sasa alikuwa amesimama sebuleni kwake, watu watatu tu ndani, na mtoto amejificha ndani ya kochi. Lawama aliyozoea kuituma mbali haikuwa na pa kwenda. Ikamkalia.

Alitoa kadi mfukoni. Mama mkwe hakujua kusoma, na fundi hakutaka kusoma kwa kidole mbele ya mkwe, akampa mwenye kujua.

"Soma hapo juu. Kwa sauti."

Binti alisoma. "Jina la mgonjwa. Nyumba ya fundi makochi. Baba, bibi, binti."

"Rudia," bibi alisema.

Akarudia.

"Na mimi nimo?"

"Umo, bibi. Wa pili."

"Si mpishi? Wameandika bibi?"

"Bibi."

Mama mkwe alikaa juu ya fremu tupu ya kochi, mahali pasipo na sponji, na hakuonekana kusikia mbao.

"Mama yako aliugua peke yake," alimwambia mjukuu. "Mimi nilikuwa nje, na chakula mkononi, kinapoa. Nikimwita mlinzi, anasema saa bado." Akaichukua ile kadi, akaigeuza huku na huku kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Humu ndani hakuna geti. Alhamisi saa ngapi?"

Walifika watatu, bibi katikati, nguo yake ya heshima imepigwa pasi mpaka inakwaruza. Fundi alipanda mizani kwanza, akaambiwa na yeye apunguze, akaguna. Ikawa zamu ya bibi. Alitazama mizani, akamtazama mkwewe, akamtazama nesi.

"Huyu mwanamume ageuke."

Fundi aligeukia ukuta, pua yake karibu na kitanda kibovu, akafumba na macho kwa usalama zaidi. Alisikia kiatu kikivuliwa, kikifuatiwa na cha pili, kisha kalamu. Nesi hakuitaja ile namba. Aliiandika, akaifunika kwa kiganja, akamwonyesha mwenyewe. Wakubwa wangeitangaza kwenye foleni, fundi aliwaza, kama walivyoitangaza ya mtoto darasani siku shule nzima ilipopimwa uzito. Huyu aliishika namba ya mtu kama mtu anayeshika yai.

Kisha nesi akafanya jambo ambalo fundi angelieleza kwa miaka. Hakumwambia bibi habari za mafuta wala sukari. Alifungua daftari, akasema, "Mama, nifundishe unavyopika maharage yako. Mtoto kanisifia."

Bibi alifundisha nusu saa. Nesi aliandika kila hatua, akauliza maswali ya mtu anayetaka kweli kupika, na mwisho wake akaomba mawili tu. Mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Na sufuria ibaki jikoni. Anayetaka kuongeza ainuke mwenyewe, asifuatwe na upawa. Akafafanua na zile rangi.

"Yaani sufuria yangu mmeiwekea taa za barabarani," bibi alisema.

"Na trafiki ni wewe, mama."

Bibi alipendezwa, ingawa alijizuia usoni. Likabaki moja: kila mlo uandikwe, na bibi ndiye wa kuandika, naye hajui. Nesi alifikiri kidogo, akamgeukia fundi. "Kwenye karakana hukosi nyuzi. Za rangi tatu unazo?"

Ikawa hivyo. Uzi mmoja mrefu wa wiki, na kila mlo kifundo cha rangi yake, kijani, njano, nyekundu, vifundo vya bibi vidogo na vikali kama jicho lake. Siku fundi alipoiba soda, bibi alifunga kifundo chekundu mbele ya uso wake, polepole. Kila Alhamisi nesi aliuchukua uzi, akausoma kwa vidole, akaubana kwa pini kwenye fomu yenye masanduku yake matupu. Safari moja mkubwa fulani alichungulia na miwani yake, akauliza takataka gani hizo kwenye karatasi za serikali.

"Ni taarifa ya wiki, mkuu," nesi alijibu. "Imetimia kuliko nyingi ninazopokea."

Mkubwa akaondoka. Nesi akaendelea kuhesabu vifundo. Fundi alikaa kwenye benchi akimtazama, na kwa mara ya kwanza ndani ya jengo lile alimwona mtu anayeifanya kazi kama inavyofanywa: anaanza na kupima kipimo, hapotezi kipande, na cha mtu hakitupi.

Ya nyumbani hayakwenda kama maji. Matembezi ya jioni yalianza kwa bibi kusimama kila baada ya nyumba nne, akidai anasalimia. Kwenye zile sifa za kila siku fundi alikuwa mbovu kabisa. Siku ya kwanza alimwambia binti, "Leo hujakosea."

"Hiyo si sifa, baba. Hiyo ni ripoti."

Akajifunza. "Umemngoja bibi pale kwenye kona," alisema siku nyingine, "na hukumwambia kwamba unamngoja." Binti aliinamisha kichwa, akatembea vile hadi nyumbani.

Mwezi wa nne, mizani ilisema kilo zilezile. Hata nusu haikupungua. Fundi akainuka, ule ugomvi wa zamani umeshajipanga mdomoni: miezi minne, vifundo vyote vile, ndiyo mipango yenu. Nesi aliweka kalamu. Alimsimamisha mtoto kwenye ubao wa urefu, akashusha kipimo kichwani taratibu, akasoma mara mbili.

"Amerefuka sentimita mbili," alisema. "Mtoto anayekua hapunguzwi, baba. Tunaushika uzito usikimbie, yeye anauzidi. Na sukari imerudi nyuma, mbali na mpaka."

Fundi alisimama akipiga hesabu. "Kitambaa ni kilekile," alisema mwishowe. "Kochi ndilo limerefuka."

"Andika hivyo, nitawafundishia wengine."

Bibi naye alitaka apimwe urefu. Akaonekana amepungua sentimita moja kutoka ule wa kitambulisho chake. "Mmeona," aliwaambia. "Mke mwenza huyu mwizi."

Jioni ile walikula maharage, mboga na wali wa kupimia. Sufuria ilikuwa jikoni. Binti alikula kwa utulivu, akamweleza bibi habari za mwalimu mpya wa hesabu, kisha akaweka kijiko. Sahani bado ilikuwa na chakula, tonge mbili tatu.

"Nimeshiba," alisema.

Mkono wa bibi uliinuka. Fundi aliuona ukiinuka, ule mkono uliolea saba, ukaivuka meza kuelekea kwenye sahani ya mtoto. Ukasimama hewani. Bibi akautazama kama mkono wa mgeni. Akaurudisha, akachukua kawa, akaifunika ile sahani.

"Utakula kesho ukitaka," alisema. "Kalete viatu vyangu tukatembee."

Binti akaenda. Fundi alikuwa na neno kooni, na kumsifu mkwe si kazi ndogo. Alilizungusha, akalipunguza, akabaki na kipande.

"Mama, nimeuona huo mkono."

"Umeona nini?" bibi alisema. "Maliza kula, giza linaingia."